Kuihamishia Seva Dunia Yako ya Minecraft

Wengi huanza Minecraft peke yao, na dunia ikishapendeza, ndugu na marafiki nao hutaka kuingia. Mchezo wenyewe unakuruhusu kuifungua dunia yako kwa walio kwenye mtandao mmoja wa nyumbani, ila ukitoka wewe, nao wametoka. Ukitaka ibaki wazi hata ukiwa umelala, ihamishie kwenye seva. Kazi yenyewe ni kunakili folda moja tu, na majengo hufika salama. Kinacholiza watu ni mizigo: mwenye dunia anaingia na kujikuta mikono mitupu, almasi zote hazipo.

Haya ni ya toleo la Java, la kompyuta. Dunia ya Bedrock, ile ya simu na Xbox, huhifadhiwa kwa muundo mwingine na ina seva yake. Seva ya Java haiwezi kuifungua mpaka ibadilishwe kwa programu maalumu.

Kabla hujagusa faili lolote, ingia kwenye dunia yako, vua deraya, na uweke kila ulichobeba kwenye sanduku la kawaida la mbao. Usitumie sanduku la ender. Vilivyomo kwenye sanduku la mbao huhifadhiwa pamoja na ardhi lilipowekwa, kwa hiyo vitasafiri nayo. Unavyobeba mwilini, pamoja na vya kwenye sanduku la ender, huandikwa kwenye faili la mchezaji, na faili hilo hutambulika kwa namba ndefu ya akaunti yako iitwayo UUID.

Seva ikiwa na mstari online-mode=true kwenye faili lake la server.properties, huhakiki akaunti yako na kukutambua kwa namba ileile, kwa hiyo kwa kawaida mizigo unaikuta. Ukiandika false, seva hukutungia namba nyingine kutokana na jina lako, na kwake wewe ni mgeni. Hata mbwa uliyemfuga hatakufuata, kwa sababu naye anamjua mwenyewe kwa namba ya zamani. Kama yameshakukuta, tafuta folda ya data za wachezaji, ambayo katika matoleo mengi huitwa playerdata, na seva ikiwa imezimwa, lipe faili lako la zamani jina la namba mpya. Ushauri wangu ni kuacha true. Kwenye false mtu yeyote anaweza kuingia kwa jina lako na kutumia madaraka yako yote.

Sasa funga mchezo kabisa. Kwenye Windows, dunia zako zimo ndani ya %appdata%\.minecraft\saves. Nakili folda nzima ya dunia unayoitaka, usichague vipande, na weka nakala nyingine kando usiyoigusa.

Pakua faili la seva kutoka tovuti rasmi ya Minecraft, la toleo lilelile ulilokuwa ukichezea. Kupanda toleo kunawezekana, kushuka kunaweza kuiharibu dunia. Ukiiwasha mara ya kwanza itasimama na kukuachia faili la eula.txt, soma masharti, ukiyakubali badili false iwe true. Kisha weka folda yako pembeni ya faili la seva, fungua server.properties, na kwenye mstari wa level-name andika jina la folda hiyo herufi kwa herufi.

Ukiingia ukakuta pori tupu, usihofu, dunia yako haijafutika. Seva haikuiona folda, ikajitengenezea dunia mpya. Mara nyingi jina limekosewa, au folda imefunguliwa kutoka zip ikawa ndani ya folda nyingine. Faili la level.dat lazima lionekane mara tu unapofungua folda ya dunia. Kama ulitumia modi zilizoongeza vitu vipya, tumia seva inayopokea modi na uziweke zilezile humo kabla ya kuiwasha, la sivyo vitu hivyo hutoweka.

Rudi server.properties uangalie difficulty, kwa sababu seva huanza na easy hata kama wewe ulizoea hard. Madaraka ya amri nayo hayahami: andika op na jina lako kwenye dirisha la seva. Ukishafanya hivyo, wasio na op hawataweza kuchimba wala kujenga karibu na pale wachezaji wanapoanzia. Hiyo ni kazi ya spawn-protection. Iweke 0 kama huitaki.

Kwa wachezaji wa mbali, ruta inapaswa kufunguliwa mlango 25565. Kwa intaneti ya laini ya simu mara nyingi haiwezekani, kwa kuwa wateja wengi hushirikishwa anwani moja. Hapo kodi seva ya mtandaoni upakie folda yako huko. Watoto wakiwamo, washa white-list uandike majina ya wanaoruhusiwa kabla hujampa mtu yeyote anwani. Na kila unapozima, andika stop usubiri imalize kuhifadhi. Umeme wa kwenu ukiwa wa kukatikakatika, nakili folda hiyo kila wiki, seva ikiwa imezimwa.