Dhamana ya nyumba, Moshi

Swali: Nataka kununua nyumba Soweto, Moshi. Mdogo wangu aliye Marekani anasema nidai dhamana ya nyumba ya mwaka mmoja. Huku ipo?

Jibu: Dada, ile ya Marekani ni mkataba wa kulipia: jiko au hita ya maji ikiharibika, kampuni inaleta fundi. Huku usiitegemee, dhamana yako ni mkataba wa mauziano. Andikeni kwamba sehemu ya bei itabaki kwa wakili mpaka masika yapite, paa likivuja ukarabati ulipwe humo. Muuzaji akikasirika, umeshajibiwa. Nenda mwenyewe Aprili mvua ikinyesha, utazame dari kama ina madoa ya rangi ya chai. Ukuta mmoja tu uliopakwa rangi mpya? Huo mimi nauogopa.

Hati ipekuliwe kwa Msajili wa Hati, na mke au mume wa muuzaji aridhie kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya wanandoa.

Ukipanda Kibosho au Marangu, mambo ni mengine. Kihamba, yaani shamba la Kichaga, ni cha ukoo, sahihi ya mtu mmoja haitoshi. Kaeni na wazee na majirani, kisha mtembee muonyeshwe masale, mimea ya mpaka, moja baada ya jingine.