Jumanne: Mshahara wa Aliyebaki Nyumbani

Soma Kumbukumbu la Torati 24:14, 15 na Yakobo 5:4. Kwa nini Mungu anajali hata saa ambayo mfanyakazi analipwa?

Musa anatoa sababu: kibarua ni maskini, naye anautegemea ujira wa siku ile. Asipolipwa leo, watoto wake hawali leo. Yakobo anaongeza kwamba ujira uliozuiwa una sauti, na Mungu huisikia.

Mei Mosi 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kingepanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai. Wengi wetu tulishangilia. Lakini amri ya mishahara ya sekta binafsi iliyoanza kutumika Januari 2023 ilikuwa imemwekea msaidizi wa kazi za nyumbani anayeishi kwa mwajiri wake kima cha shilingi 60,000.

Chukua mfano wa mama mtumishi wa umma anayeishi Pugu. Anatoka alfajiri kuwahi daladala ya kwenda mjini. Anaweza kwenda kazini kwa sababu kuna dada anayebaki na watoto. Mshahara wa mama ukipanda, je, wa dada nao unapanda?

Wapo wanaosema, “Anakula na kulala kwangu bure.” Wengine husema, “Kipato changu ni kidogo; nikilazimishwa kuongeza, nitamwondoa.” Hoja hii ya pili si ya kupuuzwa, kwa maana aliyeondolewa hapati chochote. Hata hivyo, soma Wakolosai 4:1. Paulo anawataka mabwana wawatendee watumwa kwa haki, wakikumbuka kwamba wao pia wana Bwana mbinguni. Kima cha sheria ni mahali pa kuanzia. Mkristo hutimiza sheria hiyo, kisha hujiuliza haki inadai nini zaidi.

Soma Kutoka 20:10 na Kumbukumbu la Torati 5:14, 15. Ni nani wanaotajwa kupumzika siku ya Sabato?

Mtumishi ametajwa ndani ya amri yenyewe, na Israeli wanaambiwa wakumbuke kwamba wao pia walikuwa watumwa Misri. Basi, tunapoketi darasani Sabato asubuhi, nani yuko jikoni akituandalia chakula cha mchana? Hatuwezi kuitunza Sabato kwa jasho la mtu tuliyemnyima pumziko, wala kumrudishia Mungu zaka huku mshahara wa dada ukiwa deni la miezi miwili.

Je, yuko mtu yeyote unayemdai kazi lakini hujamlipa haki yake? Utamwambia nini, na utamlipa lini, kabla jua la Ijumaa hii halijatua?