Tusome Habari: Takwimu Bila Usuli Hupotosha

"Kaunti zatengewa shilingi bilioni 385.4." Mkazi akisoma hayo kuhusu mgao wa mwaka wa fedha wa 2023/24, huenda akashangaa mbona zahanati ya kwao haina dawa. Habari ni ya kweli, ila imekosa usuli. Mwaka uliotangulia kaunti zilitengewa bilioni 370. Nyongeza ni bilioni 15.4, nayo hugawanywa kwa kaunti 47. Kifungu cha 203 cha Katiba huweka kima cha chini cha asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Tena, kutengewa si kupokea. Kabla ya kusifu au kulaumu, mwananchi aulize: mwaka jana zilikuwa ngapi, zinagawanywaje, na zimeshafika?