Unene Unaoanza Kabla ya Njaa: Tuujue Ugonjwa wa Prader-Willi

Mtoto akinenepa kupita kiasi, lawama humwendea mama. Majirani watasema anamdekeza kwa chipsi na soda. Mara nyingi chakula na kukosa kucheza huwa ndicho chanzo, lakini wapo watoto wachache ambao unene wao umetokana na jeni. Ugonjwa mmoja wa aina hiyo ni Prader-Willi, unaompata takriban mtoto 1 kati ya 10,000 hadi 30,000 wanaozaliwa.

Madaktari wa Uswisi waliueleza mwaka wa 1956. Hutokea pale ambapo sehemu ya kromosomu ya 15 inayotoka kwa baba imekosekana au haifanyi kazi. Kwa kawaida ni bahati mbaya tu. Si laana, wala si kitu alichokula mama akiwa mjamzito. Sehemu ya ubongo inayosimamia njaa, shibe na homoni za ukuaji na balehe hushindwa kufanya kazi sawasawa.

Ajabu ni kwamba mtoto huyu huanza kwa kukosa uzito. Huzaliwa akiwa mlegevu, hulia kwa sauti ndogo na hawezi kunyonya vizuri. Mama huhimizwa amlishe zaidi. Kisha, akifikisha karibu miaka miwili, kilo huanza kupanda ingawa sahani ni ile ile. Hapa ndipo suala la umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula, linapoingia. Misuli hutumia nguvu ya chakula hata mtu akiwa amekaa. Mtoto huyu ana misuli kidogo, ana upungufu wa homoni ya ukuaji, na hachezi sana. Chakula kinachomtosha ndugu yake kwake hubaki, kikageuka mafuta.

Njaa isiyoshiba huja baadaye, wengi wakiwa na miaka minane hivi. Ataamka usiku kutafuta ugali uliobaki, hata ataokota kilichotupwa. Kumchapa hakusaidii, kwa sababu ubongo wake haupati habari kwamba tumbo limejaa.

Tiba ya kuumaliza haijapatikana. Sindano za homoni ya ukuaji, chini ya daktari bingwa, huongeza misuli na kupunguza mafuta. Nyumbani, milo iwe na saa maalumu, sahani ipimwe, mboga zizidi ugali, na kabati la chakula lifungwe kwa kufuli. Kwetu hili la kufuli ni gumu, maana huonekana uchoyo, na mgeni hukosi kumpa mtoto mandazi. Waelezeni nyanya, walimu na majirani mapema. Unene ukiachwa huleta kisukari na shida ya kupumua usingizini.

Watoto hawa hutapika kwa nadra na hawahisi maumivu sana. Kwa hiyo tumbo likivimba, au akitapika baada ya kula sana, mpelekeni hospitalini mara moja.

Ikiwa mtoto wako alikuwa mlegevu alipozaliwa na sasa uzito unapanda haraka, nenda zahanati na kile kijitabu cha kliniki chenye rekodi ya kilo zake. Eleza yote mawili kwa pamoja, maana daktari akiona unene peke yake anaweza kukupa ushauri wa lishe na kukuruhusu uende. Ugonjwa huthibitishwa kwa kipimo cha jeni kutokana na damu, hivyo omba rufaa ya kumwona daktari bingwa wa watoto.