Kutazama Msimbo wa Ukurasa wa Tovuti: Maswali ya Wananchi na Majibu Yake

Kila ukurasa wa intaneti umeundwa kwa msimbo, yaani maagizo yaliyoandikwa ambayo kivinjari (programu kama Chrome au Firefox) huyasoma na kuyageuza kuwa maandishi, picha na rangi unazoziona. Wabunifu wa tovuti wana viendelezi vya kuyachunguza maagizo hayo. Kwa kuwa vifaa hivi sasa vimo mikononi mwa kila mtu, maswali ni mengi na hofu pia ipo.

Kiendelezi ni nini?

Ni programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari ili kukipa kazi mpya. Web Developer, cha Chris Pederick, kimetumika tangu 2003 kuonyesha mipaka ya kila sehemu ya ukurasa, kuzima picha na kukagua fomu. Firebug, kilichotolewa na Joe Hewitt mwaka 2006, kiliwawezesha wabunifu kugusa kitu kwa kipanya na kuona msimbo wake hapo hapo.

Ni lazima nikisakinishe ili nione msimbo?

Hapana. Firebug kilisitishwa mwaka 2017 kwa sababu kazi zake zilikuwa zimekwisha kuingizwa ndani ya vivinjari vyenyewe. Kwenye kompyuta nyingi inatosha kubonyeza F12, au kubofya kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua "Kagua".

Nikibadilisha maneno huko, nimeibadilisha tovuti?

Hujaibadilisha. Umegusa nakala iliyo kwenye kompyuta yako tu; ukurasa wenyewe uko kwenye seva, yaani kompyuta inayoutunza na kuutuma kwa wasomaji wote. Ukiufungua upya, mabadiliko yako yanapotea.

Jambo hili lina upande wa kuangaliwa sana na wafanyabiashara. Tapeli anaweza kubadilisha salio la benki au risiti kwenye kivinjari chake kwa sekunde chache, akapiga picha ya skrini na kukutumia kama ushahidi kwamba amelipa. Usitoe mzigo kwa kuonyeshwa picha: hakikisha fedha zimeingia kwenye akaunti yako mwenyewe.

Nimesikia kutazama msimbo ni udukuzi. Ni kweli?

Hofu hii inaeleweka, kwani hata viongozi wamewahi kuwa nayo. Oktoba 2021, mwandishi wa gazeti la St. Louis Post-Dispatch katika jimbo la Missouri, Marekani, aligundua kwamba msimbo wa tovuti ya idara ya elimu ulikuwa na namba za hifadhi ya jamii za walimu, ambazo ni siri ya mtu binafsi. Gazeti liliiarifu idara na kusubiri kasoro iondolewe ndipo likachapisha habari. Gavana Mike Parson alimwita mwandishi huyo mdukuzi na kutaka ashtakiwe, lakini Februari 2022 mwendesha mashtaka alikataa kufungua kesi.

Msimbo unaouona umetumwa kwako na tovuti yenyewe. Kosa linakuja pale mtu anapoingia kwenye mfumo bila idhini, na hilo linakatazwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nchini Tanzania na sheria ya Kenya ya 2018. Ukikuta taarifa za watu zimeachwa wazi, usizisambaze wala usizijaribu. Mjulishe mwenye tovuti. Asipochukua hatua, Tanzania ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Kenya ipo Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kiendelezi kinaweza kuona nenosiri langu?

Kinaweza, ukikipa ruhusa ya kusoma na kubadilisha data zako kwenye tovuti zote. Hata kiendelezi chenye sifa njema kinaweza kutekwa: Agosti 2017 Pederick alinaswa na barua pepe ya ulaghai, na wahalifu wakatumia akaunti yake kusambaza toleo bovu la Web Developer kwa Chrome, kiendelezi kilichokuwa na watumiaji zaidi ya milioni moja. Alitoa toleo safi haraka, lakini lile bovu lilikuwa limekwisha kujisakinisha lenyewe kwa watu waliokuwa wakikiamini.

Kwa hiyo soma ruhusa kabla ya kukubali, na pale inapowezekana kiruhusu kifanye kazi pale tu unapokibofya. Huduma za benki zifungue kwenye kivinjari kingine kisicho na viendelezi. Usichokitumia, kiondoe.

Nimeambiwa nibandike maneno kwenye konsoli nione nani anatazama wasifu wangu. Nifanye hivyo?

Usifanye. Konsoli ni sehemu ya vifaa hivi inayotekeleza agizo lolote utakaloliweka, na agizo hilo linafanya kazi kwa jina lako na ndani ya akaunti yako. Ndiyo maana Facebook huweka onyo kubwa mahali hapo. Ikiwa umekwisha kubandika, toka kwenye akaunti katika vifaa vyote, badilisha nenosiri sasa hivi, kisha waarifu jamaa na marafiki wasipokee maombi ya fedha yanayotumwa kwa jina lako.