Kufundisha Usanifu wa Kipuri Kinachooana na Mashine Iliyopo

Utangulizi

Katika madarasa mengi ya ufundi, uchoraji kwa kompyuta hufundishwa kwa mifano ya vitabuni. Mwanafunzi hupewa vipimo vyote, naye huviingiza katika programu mpaka umbo likamilike. Zoezi la namna hiyo lina manufaa yake, kwani humzoesha mwanafunzi zana za kazi. Hata hivyo, halimwandai kwa kazi atakayoikuta akishahitimu. Mkulima wa miteremko ya Mlima Meru haendi kwa fundi na karatasi ya vipimo. Huenda na kipuri kilichovunjika, na nyuma yake ipo mashine iliyosimama.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu kufundisha stadi hiyo, yaani kusanifu kwa kompyuta kipuri kipya kitakachooana na vijenzi vilivyokwisha kuwapo. Kanuni yetu kuu ni hii: kipuri kipya hakipimwi kwa kile kilichokufa, bali kwa majirani watakaoishi nacho.

Kuchagua mfano

Arusha haina uhaba wa mifano. Chuo cha Ufundi kimekuwapo tangu 1978, TEMDO, ambayo ni taasisi ya uhandisi na usanifu wa mitambo, iliundwa 1980, na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia za vijijini, kiliundwa 1981. Nje ya mji yako mashamba ya kahawa, na humo tunachukua mfano wetu: bushi ya mashine ya mkono ya kumenya kahawa.

Mfano huu una uzito. Kahawa mbivu yapasa kumenywa siku ile ile iliyochumwa. Ikilala, huanza kuchacha na ubora wake hushuka. Bushi ikiisha, shafti hucheza, ngoma haikai tena sawasawa na bamba linalokabiliana nayo, na punje huvunjwa au hupita na maganda yake. Kwa hiyo bushi isiyoingia si alama chache zilizopotea darasani tu. Ni mavuno ya siku nzima ya mtu.

Hatua ya kwanza: kupima

Mwanafunzi asiyeongozwa hukimbilia kupima bushi ya zamani na kuinakili. Mwalimu amwulize: kama bushi hii ilikuwa na vipimo sahihi hadi leo, kwa nini imetupwa? Tundu lake limeliwa na kuwa yai. Anayelinakili hutengeneza ubovu mpya kwa gharama mpya. Bushi ya zamani itumike kutufundisha umbo, urefu na mahali pa tundu la mafuta. Vipenyo vitoke kwa majirani wawili: shafti inayozunguka ndani yake, na tundu la fremu linaloishika kwa nje.

Shafti ipimwe mahali patatu kwa urefu wake, na kila mahali kwa pande mbili zinazokingamana. Vipimo viandikwe vyote, pasipo kuchagua vinavyopendeza. Tuseme shafti iliyotengenezwa kwa milimita 25.00 sasa imesalia 24.60 kila mahali. Hapo kazi yaweza kuendelea. Lakini kama mahali pamoja ni 24.60 na pengine 24.30, hakuna bushi itakayoponya ugonjwa huo. Shafti yenyewe yapasa ikerezwe au ibadilishwe kwanza. Ni vema mwanafunzi ajifunze mapema kwamba jawabu la mtengenezaji mara nyingine ni kukataa kutengeneza.

Mwalimu aeleze pia mipaka ya vifaa. Kalipa nyingi za vernia husoma hadi milimita 0.05 au 0.02. Nafasi tunayoitafuta hapa yakaribia kipimo hicho hicho, kwa hiyo shafti ipimwe kwa maikromita inayosoma 0.01. Iwapo fremu ina matundu mawili ya bolti yenye kipenyo kimoja, umbali wa vitovu vyake haukisiwi. Hupimwa kutoka ukingo wa kushoto wa tundu la kwanza hadi ukingo wa kushoto wa tundu la pili. Kwa uso wenye umbo gumu, karatasi ikilazwa juu yake na kusuguliwa kwa penseli huacha mchoro wa kingo zote.

Hatua ya pili: kuamua nafasi

Vitu viwili vyenye kipimo kimoja haviingiliani kwa raha. Hapana budi mwanafunzi aamue jinsi vitakavyokaana: kwa kulegea au kwa kubana. Bushi yetu yahitaji yote mawili, yaani ndani ilegee ili shafti izunguke, na nje ibane ili isizunguke pamoja na shafti.

Kanuni za kimataifa za ISO 286 hutoa mwongozo. Kwa shafti ya milimita 25 inayozunguka katika mafuta, ukaaji uitwao H8/f7 huacha nafasi kati ya milimita 0.020 na 0.074. Tukichagua 0.05, tundu la bushi litakuwa 24.65. Kwa nje, tundu la fremu likiwa 32.00, bushi yenye 32.03 itaingia kwa kusukumwa kwa jeki au mashine ya kukandamiza. Yafaa ikumbukwe kwamba bushi ikishabanwa hivyo, tundu lake la ndani hupungua kidogo. Kwa sababu hiyo tundu hukamilishwa baada ya bushi kukaa mahali pake.

Hatua ya tatu: kuchora

Mwaka 1963 Ivan Sutherland wa Marekani alionyesha katika programu yake, Sketchpad, kwamba kompyuta yaweza kuhifadhi mahusiano baina ya mistari, si mistari pekee. Jambo hilo ndilo tunalolitumia hapa. Katika programu kama FreeCAD, isiyodai malipo, mwanafunzi aanze kwa kuchora majirani, yaani shafti na tundu la fremu, kila kimoja mahali pake. Kisha aandike jedwali la vipimo lenye majina: kipenyo cha shafti, nafasi ya ndani, kipenyo cha fremu, ubano wa nje. Bushi ichorwe kwa kutaja majina hayo. Tundu lake lisiwe 24.65 iliyoandikwa kwa mkono, bali kipenyo cha shafti kujumlisha nafasi. Ikija mashine nyingine yenye shafti ya 24.40, namba moja hubadilishwa na bushi nzima hufuata.

Baadhi ya wanafunzi huunganisha bushi moja kwa moja na uso wa umbo la jirani. Njia hiyo ni ya haraka, lakini jirani akichorwa upya uhusiano waweza kukatika. Jedwali la majina ni imara zaidi.

Mwisho, umbo likatwe katikati kwenye skrini na programu iulizwe kama vijenzi vinaingiliana. Itaonyesha mwingiliano nje ya bushi. Je, ni kosa? Sivyo, ni ule ubano wa 0.03 tulioukusudia. Mwanafunzi anayeweza kueleza hivyo amelielewa somo. Anayekimbilia kuufuta amejifunza kuitii mashine tu.

Upimaji wa maendeleo

Tunapendekeza nusu ya alama zitolewe kwa kipuri chenyewe, baada ya kukerezwa na kupachikwa, na nusu kwa daftari la vipimo na mchoro. Penye uhaba wa shaba, pete fupi ya majaribio ya mbao ngumu au plastiki yatosha kuonyesha mpangilio wa kazi, ingawa haithibitishi ubano. Baada ya bushi, wanafunzi wapewe bawaba ya mlango, pedali ya baiskeli, au kifuniko cha pampu ya maji, kila mara pasipo kupewa kipimo hata kimoja.

Hitimisho

Kompyuta huchora kwa usahihi mkubwa namba yoyote iliyopewa, iwe kweli au uongo. Ukweli wa namba hutoka mkononi mwa anayepima na katika uamuzi wa anayesanifu. Mwalimu anayetenga vipindi viwili vya kupima kabla ya kipindi kimoja cha kuchora hajapoteza wakati. Amewafundisha wanafunzi wake kuiuliza mashine iliyosimama inahitaji nini, kabla ya kuiletea jawabu.