SOMO LA MWEZI HUU: MBUNGE ALIYEZUIWA KUAPA



Mwezi huu tunaacha kidogo habari za mbolea na maji ya kuchemsha. Tutasoma habari za mbunge mmoja wa Marekani, jina lake Julian Bond. Soma polepole. Ukichoka pumzika, kisha endelea.

Kwanza tuelewane juu ya neno moja. Sisi tukisema jimbo, wengi hufikiri jimbo la uchaguzi. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake, sheria zake na bunge lake. Bond hakuwa mbunge wa taifa zima. Alikuwa mbunge wa jimbo la Georgia, upande wa kusini. Bunge hilo lina sehemu mbili, yaani Baraza la Wawakilishi na Seneti, nalo hukutana mjini Atlanta.

Bond alizaliwa mwaka 1940. Baba yake alikuwa mwalimu. Mwaka 1961 aliacha masomo ya chuo, akafanya kazi na chama cha vijana waliopigania haki za watu weusi. Siku hizo huko kusini, hasa vijijini, mtu mweusi akienda kujiandikisha kupiga kura aliweza kupewa kipande cha sheria, akaambiwa akisome na kukieleza. Msajili Mzungu ndiye aliyeamua kama amejibu sawasawa. Hata walimu waliambiwa wameshindwa! Sisi tuliokaa darasa la jioni tumezoea kusema kusoma ni ufunguo. Kule waligeuza kusoma kuwa kufuli. Sheria ya taifa ya Agosti 1965 ndiyo iliyoanza kuondoa mitihani hiyo.

Mwaka huohuo wa 1965 Bond aligombea ubunge. Alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza watu wanataka nini. Wakamchagua, naye ana miaka 25 tu.

Basi, kabla hajaapa, chama chake cha vijana kilitoa tamko la kupinga vita ya Vietnam. Waandishi wa habari wakamwuliza Bond. Akajibu kwamba anakubaliana nalo. Tarehe 10 Januari 1966 alifika bungeni kuapa. Wabunge wakapiga kura: 184 walimkataa, 12 tu walimkubali. Walisema mtu wa maneno kama hayo hawezi kuapa kwa moyo kwamba atailinda katiba.

Angalia vizuri hapa. Bond hakuwa mwizi. Umri wake ulitosha, na alikuwa tayari kula kiapo. Kosa lake lilikuwa maneno.

Uchaguzi ukarudiwa. Watu wakamchagua tena. Bunge likakataa tena. Novemba wakamchagua mara ya tatu! Hebu fikiri, karibu mwaka mzima watu wale hawakuwa na wa kuwasemea. Shida zao angezipeleka nani?

Bond alikwenda mahakamani. Mahakama ya kwanza ilimshinda. Hakukata tamaa. Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote 9, ilisema bunge limekosea. Mbunge ana haki ya kusema mawazo yake juu ya mambo ya nchi, tena waliomchagua wanahitaji kuyajua. Januari 1967 Bond akaapa.

Alikaa katika Baraza hilo mpaka 1975, kisha katika Seneti ya Georgia mpaka 1987. Mwaka 1971, akiwa mbunge tayari, alimaliza yale masomo aliyoyaacha miaka 10 nyuma. (Ninyi mnaoona haya kukaa dawatini na umri wenu, someni tena sentensi hiyo.)

Si kila kura aliipata. Mwaka 1986 aligombea kwenda bunge la taifa, akashindwa na John Lewis, mwenzake wa siku za ujana katika chama kilekile. Bond alifariki mwaka 2015.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Wabunge 184 walimkataa Bond kwa sababu gani?
2. Siku ile ya Januari 1966, nani alinyimwa haki: ni Bond, au ni wale waliompigia kura?
3. Mbunge wako akisema jambo usilolipenda, utafanya nini, na utasubiri mpaka lini?